Zimwi Lililoitwa Tantine Feza

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima, walio hai na waliozikwa. Naandika nikiwa bado nanuka mihogo iliyolowekwa. Nimeoga mara tatu. Acheni nieleze mwenyewe, kwa sababu hapa Kabambare habari imeshanitangulia, na kila anayeisimulia anaongeza lake.

Mnajua nacheza ule mchezo wa mazimwi kwenye simu. (Ndiyo, nina miaka ishirini na sita, nina cherehani yangu, nashona sare za kwaya. Tuendelee.) Kila mchezaji anapanga mazimwi sita, kisha yanapigana kwa zamu mpaka ya mmoja yaishiwe nguvu. Leo mchana nilikuwa na pambano na binamu yangu mdogo Sefu, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, na anayeuza tochi na betri kwa wachimbaji dhahabu kule Salamabila. Mshindi anakwenda Kasongo Jumapili kwenye mashindano.

Sefu hupanga wakali watupu. Mimi napanga kwa uwiano. Anayepokea vipigo, anayechoma, wa maji wa kumzima anayechoma, mwenye sumu ya polepole, mwenye mbio, na mmoja wa kuponya wenzake. Ilinichukua wiki tatu kuwapata. Na ili nisichanganye kazi zao, niliwapa majina ya watu wa nyumbani.

Zimwi la jiwe, lisilosogea hata likipigwa, niliita Papa Kitenge, mjomba wangu, ambaye hajawahi kuonekana akiondoka kwenye kiti chake kwa hiari. La maji niliita Mama Sifa, mke wake, anayelia hata kwenye matanga ya watu asiowajua. La moto ni Katekista Mateso, kwa mahubiri yake ya jehanamu. La sumu ni jirani yetu Mama Bitondo. (Anayemjua hataniuliza kwa nini.) La mbio nililipa jina la mbuzi wetu, Waziri. Na la sita, zimwi kubwa, laini, linalolala katikati ya vita na kwa kulala kwake linawaponya wengine wote, niliita Tantine Feza. Tantine Feza ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Akisinzia kwenye mkeka pembeni yangu, hata leo, nahisi hakuna baya litakalonipata. Jina lilikuwa la upendo, jamani.

Kosa langu liko hapo. Kwetu jina halitolewi hivihivi. Ukimpa mtoto jina la mtu, unakwenda kumjulisha. Anakuwa ndoyi wa huyo mtoto, anakuja na kuku, anampakata, na tangu siku hiyo mmoja akiumwa, mwingine naye anaulizwa hali. Watu wanashikana kwa jina. Mimi nilitoa majina matano ya watu hai na sikumjulisha hata mmoja. (Ningeanzaje? "Tantine, nimepata zimwi"?)

Basi saa saba mchana nikapanda kilimani. Upande wetu rezo, mtandao wa simu, inashika vizuri mahali pamoja tu, kwenye makaburi ya familia, hatua mbili kutoka kaburi la Koko, bibi yetu. Nilikuwa nimemwacha Tantine Feza amejilaza na mafua yake. Juzi alirudi kutoka Kasongo kwa pikipiki, siku mbili za matope, na mwili ulikuwa umemchoka. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukapita kati ya misalaba, na kulikuwa kimya hata nikasikia matone yakidondoka kwenye majani ya mihogo. Nikavaa ekutere za simu masikioni, nikampigia Sefu, tukaanza.

Mimi nikicheza huwa nasema kwa sauti. Siwezi kujizuia. "Papa Kitenge, pokea. Pokea tena. Tantine Feza, sasa lala. Lala kabisa, usiamke mpaka niseme. Mama Bitondo, twende, tia sumu."

Nyuma yangu kitu kikaanguka chini kwa kishindo. Nikageuka. Kikapu cha mihogo kilikuwa kinabingirika njiani, peke yake. Hapakuwa na mtu. Majani yalikuwa yanatikisika kidogo, kisha yakatulia.

Nywele zilinisimama. Na papo hapo rezo ikakatika. Mchezo huu unakubali kusubiri saa mbili kabla ya kumtangaza mshindi, kwa hiyo pambano likasimama lilipo, na zimwi langu la sita likiwa limelala fofofo.

Nikateremka nyumbani.

Saa nane kwetu ni saa ya kutwanga sombe, majani ya mihogo ya mboga. Leo sikusikia mchi hata mmoja. Kuku walikuwa wamejikusanya chini ya ghala bila kuokota kitu. Uani watu walikuwa wamekaa, kama kumi na watano, na nilipotokea wote wakanitazama bila kunisalimu. Papa Kitenge alikuwa amesimama. Amesimama, nasema. Hapo nikajua mambo si mazuri.

"Anjelani," akasema, "tangu saa saba Tantine wako iko analala. Tumemuita, tumemutikisa. Haamuki."

Nikaingia ndani. Tantine Feza alikuwa chali, shuka jeupe hadi kidevuni. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi. Nikamwita. Alivuta pumzi ndefu, akakaa nayo, akaiachia, wala hakufungua jicho. Nikamwita kwa jina lake lote. Hakuna.

Nikakumbuka nilivyosema kilimani, na saa niliyosema.  Mimi nimesoma, najua mchezo ni mchezo. Lakini niliogopa, na wala si watu walionitisha. Nilijiogopa mimi.

Nilipotoka, Mama Bitondo alikuwa katikati ya uwanja, bila kikapu chake.

"Muulizeni alikuwa anasema na nani kule kwenye makaburi. Nimemusikia na maskio yangu. Alisema, Tantine Feza, lala, usiamuke mpaka niseme. Kisha akaita jina yangu. Mimi hapa. Akasema, Mama Bitondo, tia sumu."

Mama Sifa akaanza kulia. (Zimwi la maji. Nilijichukia kwa kuwaza hilo wakati ule.)

"Papa," nikasema, "ni mchezo ya telefone."

"Mchezo ya kulalisha mutu?"

"Hapana, analala zimwi. Zimwi ndiye anaitwa Tantine Feza."

Nilidhani nimefafanua. Uani mbuzi ndiye pekee aliyeendelea na shughuli zake, akitafuna.

Papa Kitenge akauliza polepole, "Ulimupa zimwi jina ya Tantine wako?"

"Ndiyo, Papa."

"Na Tantine wako ulimujulisha?"

"Hapana, Papa."

Akatikisa kichwa. "Basi amemushika kwa jina. Pale ulimufungia ndipo utamufungua. Twende."

Tukapanda wote. Mimi mbele na simu mkononi, nyuma yangu Papa Kitenge, kisha Katekista Mateso na chupa ya maji ya baraka, Mama Bitondo, Mama Sifa akilia upya kila tulipopita kaburi, na majirani mwishoni.  Ukungu ulikuwa umezidi. Nikiangalia nyuma niliona watano tu, wengine walikuwa sauti ya miguu ndani ya ukungu. Nilikuwa naomba moyoni, Koko, nisaidie, nirudishie Tantine, mchezo wenyewe nitaufuta.

Tukasimama kaburini. Ekutere zilikuwa zimekatika mwanzoni mwa njia, Papa Kitenge aliponivuta ili nitembee haraka. Rezo ikarudi. Simu ikatetemeka, nikapokea, na sauti ya Sefu ikatoka wazi, kavu, katikati ya misalaba.

"Yaya Anjelani, uko? Ule mama muzee wako bado analala? Mimi sasa ninamumaliza."

Mama Sifa alikaa chini pale pale.

"Kumbe hauko peke yako," Papa Kitenge akasema. "Muko kikundi."

"Sefu, nyamaza!" nikalia kwenye simu. "Tuko na watu hapa!"

"Watu gani? Uko kwenye makaburi." Akacheka. Kisha, nadhani, akasikia kilio cha Mama Sifa. Tangu hapo alikuwa anapumua tu, pumzi inatoka kwenye simu.

Nikabonyeza neno la kumwamsha. Katekista aliinama begani kwangu asome, maana maandishi ni ya Kifaransa na yeye ndiye mwenye Kifaransa kizuri. Akasoma kwa sauti ile ile ya somo la Jumapili:

"Wameandika, Feza anaendelea kulala."

Watu wakarudi hatua moja.

"Inakataaga mara moja," nikasema.  "Mara ya pili inakubali." (Si kweli. Inakubali ikitaka. Lakini ningesema nini?)

"Ngoja," Katekista akasema. Kidole chake kilikuwa kinateremka pembeni mwa kioo, kwenye orodha. "Kitenge. Sifa. Bitondo." Kidole kikasimama. Akanigeukia. "Na mimi niko humu?"

"Ndiyo, Katekista."

"Nafanya kazi gani?"

"Unachoma watu."

 Alijimwagia maji ya baraka yote, mwenyewe, kuanzia kichwani.

Nikafumba macho, nikabonyeza mara ya pili. Safari hii nilisoma mimi. "Feza ameamka."

Na chini ya kilima, ndani ya ukungu, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kizito, cha chini. Kisha nyayo. Zilikuwa zinakuja taratibu, na kila tulipodhani zimesimama zilianza tena. Kati ya misalaba miwili kikatokea kitu cheupe, kirefu, bila uso, kikaelea kuelekea kwetu, na sauti ambayo sijawahi kuisikia, nzito ya kiume, ikaita:

"Anjelani. Munaniacha peke yangu?"

Ndugu zangu, zimwi la jiwe lilikimbia. Papa Kitenge alipita majirani wote, akaruka kaburi la baba yake mzazi bila kuomba radhi. Katekista aliacha viatu. Mama Bitondo sikumwona akiondoka, alikuwepo kisha hakuwepo.

Na mimi? Mimi niliyejua ni mchezo? Mimi nilishamtangulia hata Papa Kitenge. Nilikimbia huku nimeinua simu juu, macho nyuma, nikilia "Nimekufungua, nimekufungua, sasa rudi," mpaka ardhi ikaisha chini ya miguu yangu.

Lilikuwa dimbwi la kulowekea mihogo. Mihogo ya siku nne. Nilizama kabisa, nikaibuka maji yakiwa kifuani. Harufu siwezi kuieleza, na ladha nitaikumbuka nikiwa bibi. Povu jeupe likanifunika kichwa. Simu pekee ndiyo ilibaki juu, na ndani yake Sefu anauliza, "Yaya? Yaya, nani amekufa?"

Nyayo zikafika ukingoni, zikasimama. Nikainua uso. Shuka jeupe. Ndani ya shuka, pua nyekundu ya mafua, na jicho moja la Tantine Feza linanitazama.

"Mutoto wangu," akasema kwa sauti ile ya kiume, "unatafuta nini mule?"

Nililia. Sikulia kwa aibu, aibu ilikuwa bado haijafika. Nililia kwa sababu alikuwa ananipa mkono, na sasa ulikuwa wa moto.

Alinivuta, akakaa kwenye jiwe, tukazungumza. Nikamuuliza kwa nini hakuamka.

"Bitondo alinipa kidonge ya mafua. Alisema moja. Mimi nikaona ni kidogo, nikameza tatu. Nimeamuka, nyumba haina mutu, hata mutoto ya mutu hakuna. Nikafuata nyayo zenu."

(Kwa hiyo mwenye sumu alikuwa kweli Mama Bitondo. Timu yangu niliipanga vizuri kuliko nilivyojua.)

Nikamweleza yote. Jina, zimwi, usingizi. Nilitegemea anichape. Aliniomba simu, akaifuta povu kwa shuka, akalitazama lile zimwi kubwa laini kwa muda, kichwa pembeni.

"Iko muzuri," akasema. "Iko munene vizuri. Lakini ndoyi yangu tangu wiki tatu iko duniani na mimi sijajulishwa?"

"Unisamehe, Tantine."

"Sikuleta hata kuku."

Hilo ndilo lililomuuma. Tulirudi nyumbani bega kwa bega, na njiani watu walichungulia kutoka nyuma ya milango. Jioni akawaita wote uani, akawaambia mimi sijala mtu, ni mjinga tu. Walikubali haraka mno, hasa hilo la mwisho. Kisha akaketi kwenye kiti cha Papa Kitenge (ambaye hakuthubutu kukidai), akashika simu, tukapigana tena na Sefu, aliyekubali pambano lianze upya kwa sababu ya hofu. Tulishinda. Nakwenda Kasongo Jumapili.

Tatizo ni kwamba ndoyi ana haki ya kuchagua mtoto wake anatembea na nani. Tantine Feza amemtoa Mama Bitondo kwa ajili ya vidonge. Amemtoa Mama Sifa, hawasemezani tangu msimu wa karanga. Papa Kitenge ametolewa kwa kukimbia, na Katekista amekuja mwenyewe kuomba jina lake lifutwe.

Kwa hiyo nakwenda kwenye mashindano na shangazi aliyelala na mbuzi. Atakayecheka, nina nafasi nne kwenye timu, na jina lake nalijua.