Jemadari wa Kamera na Tundu la Buluu Lililofungwa Plasta

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kuukodolea macho mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini kama konokono aliyeshiba! Tegeni masikio, mpate habari ya vita vilivyopiganwa juu ya meza ya mbao, baina ya mpiga picha mmoja na saa ya ukutani. Wala hapana haja ya kufichana, maana mficha maradhi kifo humuumbua: mjinga wa siku ile alikuwa shujaa mwenyewe.

Naye alikuwa nani? Alikuwa Jemadari wa Kamera, mshika lenzi asiyetetereka, aliyepita harusi mia moja na kukata vichwa vya watu wanne tu, na hao pichani. Chumba chake cha kazi aligawana na mkewe, fundi cherehani, Malkia wa Sindano. Asubuhi ile, kabla hata kompyuta haijawaka, alikwisha kumchokoza.

"Vikombe vya kioo umevifungia kabatini mwaka wa tatu huu. Unamngoja nani, mfalme?"

"Nangoja wageni."

"Wageni wanakuja, unawapa vya plastiki! Kitu kizuri kinatumika, mke wangu. Kitu kizuri hakifichwi."

Mkewe akakanyaga cherehani, ikanguruma. Ole wake mume anayechukulia mngurumo ule kuwa ni ushindi.

Ikapiga saa tano kamili, akaingia mama wa bibi harusi, mkoba begani, diski mpya mkononi. Akapewa kiti, na chai katika kikombe cha plastiki.

"Mwanangu," akasema, "niwekee harusi yote humu. Basi langu linaondoka saa saba, na saa sita lazima niwe nimetoka hapa. Nakwenda kwa mama yangu. Yuko kitandani, hakuiona harusi ya mjukuu wake. Nimemwahidi leo ataiona."

"Mama yangu," akanena Jemadari, kifua mbele, "kabla chai haijapoa!"

Akaichomeka diski. Kompyuta ikatafakari, kisha ikatoa hukumu: saa moja na dakika hamsini.

Jemadari akamgeukia mgeni. "Unajua, mama, haraka haraka haina baraka."

"Hiyo kamwambie dereva wa basi."

Ndipo alipoanza kushambulia ngome. Akaichomoa diski katika tundu la kwanza, jeusi, akaitia katika la pili, nalo jeusi; saa moja na dakika hamsini. Akalivamia la tatu, jeusi kama wenziwe. Jibu lile lile, wala halikupungua hata dakika ya kumfariji. Akafuta jasho, akatazama huku na huku, akamwona adui wa kumsingizia.

"Mama, usinielewe vibaya, lakini hii diski umeuziwa mbovu."

Mama wa watu! Aliiweka chini chai yake, akaanza kufunga mkoba polepole, kama mtu anayejifunza namna ya kumwambia mgonjwa kwamba hakuja na kitu.

Cherehani ikanyamaza.

"Na lile ulilolibandika plasta?" akauliza Malkia wa Sindano.

"Lipi?"

"Hilo hapo ubavuni mwa kompyuta. La buluu. Miaka mitatu nalitazama kama kidonda kisichopona."

"Aah, hilo si la kuchezea," akasema Jemadari. "Nilipoinunua mashine nikaona limependeza kuliko mengine, nikalifunika lisiingie vumbi."

"Lina kazi gani?"

Akafikiri. "La heshima."

"Kijitabu chake kinasemaje?"

Kijitabu! Naam, kilikuwapo, nacho hakijawahi kusomwa, kwa kuwa tangu siku ile ya ununuzi kilikuwa kimekunjwa chini ya mguu wa cherehani ili isiyumbe. Jemadari akashuka vitani kwa magoti, akapenya msitu wa nyuzi na vipande vya kitambaa, akachomwa na pini mara mbili bila kulia, mara ya tatu akalia. Akaibuka na kijitabu mkononi, pamba nyusini, akakisoma kwa sauti ya mpiga mbiu:

"Tundu jeusi: megabiti mia nne na themanini kwa sekunde. Tundu la buluu: gigabiti tano kwa sekunde. Rangi yaweza kudanganya. Hakikisha pana alama ya mkuki wa meno matatu, na kando yake herufi SS, yaani kasi kuu."

"Kwa lugha ya watu?" akauliza mama.

"Jeusi ni kijia cha mbuzi," akasema fundi cherehani. "La buluu ni barabara kuu. Mara kumi na zaidi kwa upana, ila mbio ni za gari lenyewe."

Plasta ikabanduliwa. Chini yake mkuki ulikuwapo, na SS ilikuwapo. Na ulimi wa waya wa diski ulikuwa wa buluu vilevile, uliokuwa ukibisha hodi tangu saa tano kwenye nyumba zisizo zake. Lakini tazameni mtihani: mstari ulikwisha fika asilimia kumi na mbili.

"Nikikata, tunaanza sifuri," akanong'ona Jemadari, kidole kwenye waya.

"Kata," akasema mama. "Nimezaa sita. Kuanza upya hakunitishi."

Akakata. Akachomeka. Mstari ukaruka kama swala aliyesikia simba: dakika thelathini na moja! Na saa sita kasoro dakika tisa, harusi nzima, nyimbo na machozi yake, ilikuwa mkobani. Na mama akatoka mbio akiwaombea dua wote wawili, kompyuta nayo ikiwamo.

Basi na iandikwe, vizazi visome, kwamba siku hiyo mtu mmoja alilitambua tundu la kompyuta yake mwenyewe! Jemadari akasimama katikati ya chumba, pamba ingali nyusini.

"Umeona, mke wangu? Umeona kichwa hiki? Hebu vitoe hivyo vikombe vya kioo tunywe chai ya ushindi. Miaka mitatu mtu anaficha kitu kizuri kabatini, kweli ni akili hiyo?"

Mkewe akakata uzi kwa meno.

"Tofauti yetu, mume wangu, mimi najua nilichokificha."