Fundi wa Reguleta, Mwigobero

Jumatatu, 10 Februari 1997

Nassibu kaondoka! Kaenda Bunda kula Idi kwa wazazi wake, anarudi Alhamisi. Jenereta la Mama Dafroza limebaki mikononi mwangu.

Mama anahifadhi sangara wa wavuvi hapa Mwigobero, kwenye chumba cha baridi. Mgao wa umeme ulipozidi akaleta jenereta la kisasa kutoka Nairobi. Ubavuni lina kisanduku cheusi chenye kioo kidogo na vitufe vinne. Reguleta ya kidijitali. Kazi yake ni kuzuia volti zisipande wala zisishuke. Nassibu ndiye fundi aliyeipanga, na tangu hapo anatembeaga kama ameoa upya.

Kabla ya kuondoka alinionyesha, eti mimi msaidizi wake, kuwasha, kuzima na kusoma kioo. Mengine nisiguse. Alisema hivyo mbele ya wachuuzi wote. Mimi! Nilishamwambia Mama kwamba nilisomaga elektroniki Mwanza. Mwanza nimeishi kweli. Na elektroniki zilikuwepo.

Jumanne, 11 Februari

Nimegusa.

Kitabu chake ni cha Kiingereza, lakini picha zinajieleza. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikafika mahali pa kuweka namba ya siri. Nikaiweka. Sasa hakuna anayeweza kubadilisha kitu ndani ya reguleta ila mimi. Nassibu akirudi atalikuta jenereta limehamia kwangu, na yeye atabaki wa kufuta vumbi.

Mke wangu Marcelina aliuliza mbona natabasamu peke yangu kwenye ugali. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 12 Februari

Siku kubwa.

Asubuhi Mama Dafroza alilalamika kwamba jenereta linakunywa dizeli kama ng'ombe wa Mugeta wakati wa kiangazi. Nikaona mlango umefunguka. Mtu akikimbia anasikia kiu, akitembea hasikii. Nikapunguza mwendo wa injini.

Dizeli ikaenda polepole kweli. Lakini taa zikafifia, na mashine za baridi zikaanza kuguna. Kumbe reguleta ikiona injini imelegea, inashusha volti kwa makusudi. Kitabuni wanaiita kinga. Inakinga nini, sikupasoma. Karatasi ilikuwa na mafuta ya samaki. Nikaingia kwa namba yangu ya siri, nikaifuta hiyo kinga.

Taa zikarudi! Injini inatembea, volti zimesimama mia nne vilevile. Mama akaita wavuvi waje waone. Shemeji Masatu, kaka yake Marcelina, alikuwepo. Amehifadhi humo samaki wa wiki nzima, gari la kiwanda linawafuata Ijumaa, na kwa samaki hao anategemea kununua nyavu mpya. Shemeji huyu hajawahi kunisifu tangu nimwoe dada yake. Leo kanipa mkono. Marcelina naye kanipikia sato.

Jenereta lina joto kidogo. Vifaa vya kisasa ndivyo vilivyo.

Alhamisi, 13 Februari

Nassibu alifika na kanzu yake ya Idi. Hata salamu hakumaliza. Alisikiliza injini, akaweka kiganja kwenye bodi ya jenereta, akakiondoa haraka. Akaenda moja kwa moja kwenye reguleta, akabonyeza, akakutana na namba yangu.

Akaniomba nifungue. Alieleza kwamba injini ikienda taratibu, reguleta inalazimika kusukuma umeme mwingi mno kwenye koili inayozunguka ndani ili volti zisishuke, na koili hiyo inaungua. Ndiyo sababu ya ile kinga. Maelezo mazuri. Lakini wachuuzi walikuwa wamekusanyika, na Mama Dafroza kasimama mlangoni. Nafasi kama hii hairudi. Nikasema nitafungua akitangaza kwanza nani fundi hapa.

Nassibu akakunja mikono ya kanzu.

“Wewe ndiye fundi, Leodgar,” akasema. “Haya, fungua.”

Nikamwomba arudie kwa sauti, maana waliokuwa nyuma hawakusikia. Alipoona naringa, akaruka kwenda kuzima injini mwenyewe. Hakuwahi. Moshi ulitoka ubavuni mwa jenereta, wenye harufu ya plastiki na nywele. Taa zikafa.

Nilikuwa tayari kutoa namba. Hakuna aliyeiuliza tena.

Jumamosi, 15 Februari

Gari la kiwanda lilikuja jana, likageuka tupu. Samaki walishalegea.

Tangu jana mtaa mzima unapasua sangara na kuwapaka chumvi. Watauzwa kama kayabo, kwa bei ndogo ya kayabo. Marcelina mikono imemchubuka kwa chumvi. Masatu alipasua wa kwake, akazikunja nyavu zake kuukuu na kwenda kuzishona upya. Nilipomwambia pole, shemeji, alihamia upande wenye jua.

Nassibu kalifungua jenereta lote. Koili nyeusi tii, inapelekwa Mwanza kusukwa upya. Amesimama juu yake bila kunisema, jambo ambalo naliona ni kiburi.

Mama Dafroza aliniita. Nilitayarisha maelezo kuhusu ubora wa vifaa vya Nairobi. Hakuyahitaji.

“Mwanangu, shika kisu ukapasue samaki na wenzako. Wakiisha, nisikuone hapa.”

Nimepasua hadi jioni. Ninakata vizuri sana, ingawa hakuna aliyesema.

Jumanne, 18 Februari

Nimetafakari kwa kina, na nimeliona kosa. Kosa ni Idi. Nassibu asingeenda Bunda, haya yote yasingetokea. Mtu aliyekabidhiwa mali ya watu anaondokaje siku nne?

Basi leo nimekwenda Kiabakari kubadilisha hewa. Nikamkuta mzee Wanzagi, mwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Naye kanunua jenereta lenye kisanduku cheusi, fundi wake kafiwa, kaenda Butiama mazikoni hadi Jumapili. Akauliza kama ninazijua reguleta hizi. Nikamjibu kwamba ninazijua mpaka ndani, na kwamba juzi tu nilikuwa na moja mbele yangu, koili zake zote zikiwa nje.

Kanipa funguo. Injini yake nimeisikiliza kidogo. Inakwenda kasi bila sababu.