Siku Mama Nukta Alipolifungua Dirisha la Ziara

Sogezeni viti, enyi mlioketi, nanyi mnaopita njia acheni kidogo hayo mnayoyakimbilia, kwa maana ninayo habari ya vita. Si vita vya mikuki na farasi, hivyo vimeshasimuliwa mpaka vimechakaa. Ni habari ya dirisha moja la ghorofa ya pili, lililofungwa miaka kumi na tisa, na ya mwanamke aliyelifungua kabla ya saa sita mchana kwa mkono wake wa kulia. Waliokuwepo wangali hai na wanaweza kuulizwa.

Katika mji huo lilisimama Jengo la Maendeleo, na ndani yake ilikaa Idara ya Mipango, iliyokabidhiwa kutekeleza Mpango Mkuu wa Miaka Mitano. Wakati wa habari hii Mpango wa Miaka Mitano ulikuwa unaingia mwaka wake wa kumi na saba, na kila asubuhi redio ilitangaza kwamba unakwenda vizuri. Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili tangu zamani, ikageuzwa kabati la mafaili kwa wale wenye mikono mirefu. Simu ya mezani ilikuwepo, tena ilifutwa vumbi kila Jumatatu, ila haikuwahi kulia. Watumishi walifika saa mbili kamili, wakasaini, wakaulizana habari za watoto, na saa tisa na nusu wakaagana wakiwa wamechoka kwelikweli, maana kukaa siku nzima bila la kufanya kunachosha kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa sikieni asili ya dirisha. Miaka kumi na tisa nyuma ilishuka amri kwamba Kiongozi Mtukufu angepita barabara ya mbele, na kwamba ukuta wote unaotazama barabara upakwe rangi ya kijani, pasiachwe hata sehemu moja. Mafundi rangi walikuwa watu watiifu. Walipofika kwenye madirisha waliisoma amri mara ya pili, wakatazamana, wakapaka na vioo. Walipaka fremu, bawaba, komeo na nyufa, kisha kwa kuwa dirisha lina pande mbili wakaingia ndani wakapaka na huko, mpaka dirisha na ukuta vikawa kitu kimoja. Kiongozi hakupita. Lakini ziara haikufutwa, iliahirishwa tu, na rangi ya ziara ikabaki kuwa mali ya ziara. Karani mmoja aliwahi kukwangua tundu dogo ajue kama mvua inanyesha, akahamishiwa kituo ambacho hakimo kwenye ramani ya Idara, na ramani hiyo huchorwa na Idara yenyewe. Tangu hapo watu wa Mipango wakaijua mvua kwa kuisikiliza.

Humo ndani, chini ya balbu moja iliyoning'inia katikati ya chumba, alitawala Mama Nukta, mpiga chapa mkuu, bingwa wa herufi kubwa, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na vidole vilivyoogopwa na kila karatasi. Jina hilo alilipata vitani. Alipofika mwisho wa sentensi aliipiga nukta kwa nguvu hata karatasi ikatoboka na mtu wa meza ya jirani akaruka. Taipureta yake ilikuwa imefungwa kwenye meza kwa nati nne, kwa amri, isije ikaibwa, na meza nayo ilikuwa imefungwa sakafuni isije ikaifuata.

Na rafiki yake wa miaka thelathini alikuwa Mzee Funguo, mtunza stoo, aliyevaa mkandani funguo thelathini na moja za makabati thelathini na moja. Makabati thelathini yalikuwa matupu. Alitembea akilia kama kengele ya mbuzi, mtu mpole, ambaye kitu kimoja tu alikitamani duniani, nacho ni kustaafu. Binti yake, aliyeishi mji wa mbali, alikuwa amemwekea chumba. Mzee Funguo alipoomba kustaafu mara ya kwanza, mjukuu wake hakuwa na jino hata moja. Sasa meno ya mtoto yalikuwa yameanza kung'oka, na babu alikuwa hajamwona bado.

Maana fomu za kustaafu zilisainiwa siku moja tu kwa mwaka. Mwaka wa kwanza karatasi ziliadimika. Mwaka wa pili utepe wa taipureta ulikauka. Wa tatu muhuri ulipotea, ukaja kuonekana ndani ya lifti. Wa nne, wa tano na wa sita kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Mkurugenzi, aliyekuwa safarini. Na sasa ilikuwa siku yenyewe ya mwaka wa saba, fomu ilikuwepo moja tu, ya mwisho, na Mkurugenzi alikuwa anaondoka saa sita juu ya alama kwenda semina ya miezi mitatu kuhusu kuharakisha maendeleo.

Saa nne na robo Mama Nukta akaipachika ile fomu, akanyoosha vidole, akavuta pumzi. Balbu ikatoa mlio mdogo, ikafa.

Giza la kijani likashuka juu ya Idara ya Mipango. Kila mtu alibaki pale alipokuwa.

"Mzee Funguo," Mama Nukta akaita gizani, "stoo kuna balbu?"

"Dada yangu," ikajibu sauti pamoja na mlio wa funguo, "balbu ya mwisho ndiyo hiyo iliyokufa. Nilikupa mimi mwenyewe, miaka sita iliyopita, na ukanishukuru."

"Mshumaa?"

"Mshumaa nimeuona mara ya mwisho harusini kwa mpwa wangu."

"Basi nitapiga kwa kupapasa."

Mzee Funguo akasema polepole, "Usipapase. Neno moja likitoka nje ya mstari fomu imeharibika, na nyingine hakuna. Acha tu. Nimezoea. Mwakani mjukuu wangu atakuwa bado mtoto."

Alilisema hilo kwa upole, bila kinyongo, na huo upole ndio uliomchoma Mama Nukta. Laiti mzee angelalamika, pengine yeye angemwambia avumilie kama walivyovumilia yote. Ila mtu kusema amezoea, kwa sauti ile, lilikuwa jambo ambalo moyo wake ulikataa kulipokea. Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Sikilizeni nyote mlio gizani," akasema. "Tumekaa humu miaka kumi na tisa tukingoja mtu apite. Watoto wetu wameoa na kuolewa tukiwa tunangoja. Mimi nimevaa miwani mitatu kwa ajili ya balbu hii moja, na jua liko pale, nyuma ya rangi, bure kabisa, halihitaji sahihi ya mtu. Leo mzee huyu anakwenda kwa mjukuu wake. Nipeni kitu chenye ncha."

Silaha zikaletwa. Kilikuja kijiko cha chai, kikapinda mara moja. Kikaja kibanio cha nywele, kikavunjika kwa heshima. Rula ya mbao ikapasuka katikati. Ndipo Mzee Funguo akatoka na kurudi na hazina ya kabati la thelathini na moja, kabati pekee lenye kitu: kopo la rangi ya ziara, kijani, iliyokauka ikawa jiwe, na brashi imeganda ndani ikisimama wima. Mafundi waliiacha kwa ajili ya marekebisho. Akaivuta brashi kwa mikono miwili mpaka ikang'oka na kipande cha jiwe lake, kizito, kigumu, chembamba pembeni.

"Hii ndiyo iliyofunga," akasema. "Ngoja tuone kama inajua kufungua."

Mama Nukta akaipokea, akapanda juu ya meza, na alipokuwa ameuinua mkono ikasikika filimbi.

Mlangoni alisimama Mratibu wa Ziara. Mtu huyu alikuwa mwenyekiti, katibu na mjumbe wa Kamati ya Kudumu ya Maandalizi, mwenye filimbi shingoni, saa moja kwenye kila mkono na faili kwapani, na kwa miaka kumi na tisa hakuwa na kazi nyingine duniani ila kungoja. Alikuwa amezeeka vizuri ndani ya kazi hiyo.

"Mama Nukta," akasema, "weka chini hiyo brashi. Rangi hiyo si yako wala si yangu. Rangi hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani. Nikinyamaza leo, kesho mtakwangua ukuta. Wewe unajua watu wanakopelekwa."

Watu wakarudi nyuma hatua moja, kwa maana wote walijua. Hata Mama Nukta aliogopa pale juu ya meza, nami sitaficha hilo, kwani shujaa asiyeogopa hana cha kusimuliwa. Alimtazama Mzee Funguo, aliyekuwa ameinamisha kichwa akizihesabu funguo zake bila sababu. Kisha akamgeukia Mratibu, na sauti yake ikawa ya upole kama ya muuguzi aliyeficha sindano.

"Ndugu Mratibu, mimi sibishani na rangi. Nataka uniambie jambo moja tu, maana ziara hii hakuna anayeijua kama wewe. Siku akipita, sisi tutakuwa tunafanya nini?"

Mratibu akajinyoosha. Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumuuliza.

"Kifungu cha kumi na nne," akasema, bila kufungua faili. "Watumishi wote watasimama madirishani na kupunga mikono kwa furaha isiyo ya kulazimishwa, kwa muda usiopungua dakika nne."

"Madirishani."

"Madirishani."

"Na mazoezi ya kupunga tumefanya lini?"

Mratibu akahesabu kwa vidole. Mazoezi ya kupiga makofi yalifanyika, uani. Mazoezi ya kusimama, ya kunyamaza, hata ya kutokohoa. Akafungua faili, akalisogeza karibu na macho katika kile kijani, akalipekua lote, akalifunga.

"Akipita leo saa saba," Mama Nukta akaendelea, "atainua macho aone ukuta tu. Atauliza watu wangu wako wapi. Utamjibu nini, kaka yangu? Utamwambia wako nyuma ya rangi?"

Naam, katika vita vingi jemadari hushindwa kwa upanga, lakini Mratibu wa Ziara alishindwa kwa kifungu cha kumi na nne, na aliposhindwa uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyepewa kazi baada ya kukaa benchi ujana wake wote. Akaweka filimbi mdomoni.

"Natangaza zoezi la kupunga mikono," akasema. "Tuanze na dirisha moja. Dirisha la mfano."

Hapo vita vikaanza. Mama Nukta akaizamisha brashi kwenye ufa wa katikati, akagonga, akavuta. Vipande vya kijani vikamwangukia kwenye nywele na miwani. Komeo likakataa. Akalipiga pigo moja la kichwani, lile pigo la nukta, ambalo kwa miaka thelathini lilikuwa limetoboa karatasi tu, nalo komeo likalegea. Mzee Funguo akaegemeza bega upande wa kulia, Mratibu akavua koti akaegemeza upande wa kushoto huku akiitazama saa, na makarani wakawasukuma wote watatu kwa nyuma. Bawaba zikalia kilio kirefu. Kisha dirisha likafunguka kwa ghafla hata Mratibu nusura atangulie barabarani, wakamdaka kwa mkanda.

Jua likaingia. Likapita juu ya meza, likaonyesha vumbi, nyufa, na nyuso za watu ambao hawakuwa wameonana vizuri kwa miaka kumi na tisa. "Kumbe una mvi," karani mmoja akamwambia mwenzake, na mwenzake akajibu, "Na wewe." Wakacheka, wengine wakapangusa macho wakisingizia mwanga.

Mama Nukta hakucheka, maana ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Aliketi akapiga jina, akapiga namba, akapiga miaka ya utumishi, vidole vikienda kasi na mstari haukupotea hata mara moja. Alipofika mwisho akasita. Fomu ilikuwa moja, nyembamba, na nukta yake ilijulikana. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliigusa nukta taratibu, kwa kidole kimoja, na karatasi haikutoboka.

Walimkuta Mkurugenzi ngazini, begi mkononi. Alisaini juu ya mgongo wa Mratibu, ulioinamishwa kwa hiari.

"Mbona kuna mwanga huko juu?" akauliza.

"Ni zoezi, mheshimiwa," wakajibu kwa pamoja.

"Aa. Endeleeni," akasema, akashuka zake kwenda kuharakisha maendeleo.

Mzee Funguo akaifungua ile pete ya funguo mkandani, akamkabidhi Mama Nukta. "Nenda bwana," Mama Nukta akamwambia, "basi lako ni saa nane, na mtoto asije akamaliza meno."

Ndipo Mratibu akakumbuka kwamba zoezi haliwezi kuwa kamili bila mtu wa kupita. Kwa hiyo mzee alipotokea barabarani na begi lake dogo, akitembea kimya bila kengele yake, filimbi ililia juu yake. Akainua macho. Idara nzima ya Mipango ilikuwa imejazana kwenye dirisha moja, ikipunga mikono, ikiita jina lake, na furaha ile haikulazimishwa na mtu. Mzee Funguo alisimama katikati ya barabara, akavua kofia, akapunga, akaenda hatua tatu, akageuka akapunga tena. Mratibu alisahau kuangalia saa, ya kulia na ya kushoto. Alikuwa anapunga kwa mikono miwili. Na ng'ambo ya barabara, kwenye Jengo la Takwimu, nyuma ya madirisha yaleyale ya kijani, ikasikika sauti ya mtu anayegonga kutoka ndani.

Hivi ndivyo lilivyoanguka dirisha la Ziara, na wenye kutunga historia wakumbuke kuandika kwamba halikuangushwa na jeshi, bali na mpiga chapa aliyetaka mwanga wa dakika ishirini. Jioni hiyo Mratibu alikaa peke yake na faili lake, akaandika tarehe, na chini yake: Amepita. Watumishi walipunga mikono. Akalifunga, akalipeleka kwenye lifti pamoja na mengine. Dirisha lile halijafungwa tena mpaka leo, na mvua ikinyesha wanaloa kidogo.