Askari wa Lango Kafia Saluni Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua. Mimi kanipa kitabu. Kilisahauliwa chini ya kiti na msichana wa chuo aliyekuja kusukwa juzi. Kinaitwa Malkia Asiye na Taa, kinene kama tofali, na jaladani kuna binti mwenye gauni refu na bastola. Nikasoma sura ya kwanza kwa sauti, kwa dhihaka tu. Nchi imekwisha. Umeme uko ikulu peke yake. Binti wa fundi betri anakamatwa akiiba balbu, na mwana wa mfalme, badala ya kumtia ndani, anamwalika chakula cha jioni. Upuuzi mtupu!

Kuinua macho, hakuna anayepumua. Mteja kasimamisha kikombe njiani. Vidole, msusi wangu, kashika nywele hewani. Wakanikaripia kwa pamoja: soma!

Akili ikanijia hapo hapo. Shangazi, mwenye saluni yake, atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kusukwa kwa ajili ya harusi. Kasema akikuta viti vitupu, chumba anampa muuza viatu, na mimi nijue pa kwenda. Wateja karibu wote wamehamia kwa Mama Kioo, ng'ambo ya barabara, kisa ana kioo kikubwa. Haya. Yeye ana kioo, mimi nina mwana wa mfalme.

Jumatano, 5 Machi

Hila yenyewe nyepesi. Mtu aliyesukwa nusu kichwa hawezi kuondoka. Ndipo nasoma. Vidole akifunga msuko wa mwisho, nami nafunga kitabu, hasa pale mtu anapotaka kubusiwa. Mke wa daktari wa meno kaniita mshenzi. Kesho anarudi kuoshwa nywele alizooshwa leo.

Watu wameshagawana. Upande wa dirishani wanamtaka mwana wa mfalme, kwa kuwa ana adabu na jenereta. Upande wa sinki wanamtaka askari wa lango, anayempitishia binti balbu ndani ya mkate. Vidole ni wa askari. Kasema mwanamume ni yule anayekuletea kitu huku anaogopa, lakini analeta. Sikuelewa. Mimi binafsi ningechukua jenereta.

Alhamisi, 6 Machi

Viti vyote vimejaa! Hata Mzee Kipara, mlinzi wa stoo ya jirani, kajipenyeza akakaa kwenye benchi, kichwa kinang'aa kama sahani. Nikamuuliza anataka huduma gani. Kasema askari mwenzake yuko hatarini, hawezi kukaa mbali.

Tatizo moja dogo. Wateja nao si wajinga. Wanaomba misuko myembamba, midogo midogo, ili hadithi iende mbali. Vidole kaniambia jana alishindwa kushika kijiko kwa maumivu. Kaniomba jambo moja tu: nisome mpaka mwisho, ajue askari kaishia wapi, kisha mchezo huu tuuache. Nikamwapia. Nikamnunulia na mafuta ya kuchua. Kopo dogo.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Kurasa zinakaribia kwisha, na Ijumaa bado iko mbali. Kitabu kikiisha, wateja nao wameisha. Basi kitabu kisiishe. Nimeanza kutunga. Nafunua kurasa zilezile, nakodolea macho karatasi, nasema yangu. Nimemtia mwana wa mfalme homa. Nimemtoa homa. Nimeleta pacha wake, kisha mafuriko. Kwenye mafuriko Vidole alisahau mikono yake, mistari ya kushoto ikaenda kulia, mteja katoka na kichwa kama njia panda. Wala hakujali, anataka tu kujua kama pacha anajua kuogelea.

Hakuna aliyeshtuka, ila Mzee Kipara. Kauliza imekuwaje farasi aliyekufa jana leo anapanda mlima. Nikamwambia asikatize watu, mtu mwenyewe hana hata nywele.

Kusoma anaweza yeyote. Kutunga ni kipaji.

Jumanne, 11 Machi

Mke wa daktari wa meno kanivuta pembeni. Anao wasichana wa harusi, kundi zima, wote anaweza kuwaleta wasukwe kwangu Ijumaa, mbele ya macho ya Shangazi. Sharti lake moja: binti aolewe na mwana wa mfalme, na yeye asimsikie tena yule askari. Kundi zima! Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nimemuua askari. Risasi mbili, pale pale langoni, mkate mkononi. Nilisoma kwa hisia hadi mwenyewe nikasisimka. Dirishani wakapiga makofi. Mzee Kipara akavua kofia, akatoka nje. Machozi ya Vidole yakadondoka kwenye nywele za mteja, naye akaendelea kusuka. Baadaye kaniuliza kama kweli ndivyo kitabu kilivyosema. Nikajibu kwamba mimi ni msomaji tu, nina mamlaka gani. Roho iliniuma. Ikapoa nilipoikumbuka Ijumaa.

Alhamisi, 13 Machi

Msichana wa chuo kaja kufuata kitabu chake. Leo! Siku zote hizo alikuwa wapi? Kabla sijamtoa mlangoni, Vidole akamuuliza mtunzi alipata wapi moyo wa kumuua askari. Msichana akashangaa. Askari yupi? Mbona hafi?

Vidole akaomba asomewe ukurasa wa mwisho. Wala mimi sikuwa nimeufikia, nikasikiliza. Askari anafungua lango, binti anaingia na betri za baba yake, taa zinawaka mji mzima. Wanakaa kizingitini wanakula mkate, na balbu imo ndani. Lilikuwa jambo zuri sana. Nilitamani ningelitunga mimi.

Vidole akaosha vitana vyake kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitambaa. Kasema hakukasirikia maumivu, vidole hupona. Kilichomkasirisha ni kwamba alimlilia mtu siku mbili, na mimi nimesimama hapa namtazama analia. Akavuka barabara. Mama Kioo akamfungulia mlango kabla hajabisha.

Nimekaa kwenye kiti cha wateja mpaka giza likaingia. Kinaumiza mgongo kweli. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Ijumaa, 14 Machi

Shangazi kafika. Viti vitupu, na Mzee Kipara kwenye benchi. Nikasema wateja wako njiani. Nikasema nitamsuka mwenyewe, huku namhadithia, mkono kwenye nywele na mdomo kwenye ikulu. Nilipofika kwenye mafuriko kitana kikakwama. Nikavuta. Shangazi akasema maneno ambayo siyaandiki hapa, akainuka na kitana chake kichwani, akavuka barabara.

Niliwaona kupitia dirisha. Kundi zima la harusi, mke wa daktari wa meno, Shangazi mikononi mwa Vidole, na msichana wa chuo anawasomea kuanzia mwanzo. Wote walikuwa wakicheka. Muuza viatu alikuja jioni kupima chumba.

Jumapili, 16 Machi

Nimetafakari sana. Sijivuni, lakini mtu mzima hukubali kosa likionekana. Kosa lilikuwa la kitabu. Kilikuwa na mwisho.

Shangazi kamsihi muuza viatu anipe kazi, damu nzito kuliko maji. Naanza kesho, chumba kilekile. Muuza viatu kanilalamikia kwamba wateja wake hawakai, wanajaribu kiatu wanakwenda zao. Nikacheka moyoni. Mtu aliyevaa kiatu kimoja anaenda wapi?

Nimeshanunua kitabu kingine. Mfalme ni dhalimu, binti ni wa tabaka la chini, wanaume wawili kama kawaida. Kurasa za mwisho nimezing'oa mapema, asije mtu akazisoma. Mzee Kipara amekwisha kuchagua benchi lake. Kaniuliza kama humu namo kuna askari. Nikamwambia yupo, na ni mzima wa afya. Kwa sasa.