Kaskazini Iwe Juu

Waraka Namba 41 ulibandikwa kwenye mlango wa jiko, mahali pekee ambapo kikosi kizima kilipita kwa hiari. Ulitangaza kwamba kuanzia Jumatatu, kwa amri ya Jenerali Fulgenzio Ottobelli, kaskazini itakuwa juu. Itakuwa juu mezani, itakuwa juu ukutani, na itakuwa juu mikononi mwa kila atakayeshika picha iliyopigwa kutoka angani. Atakayekutwa na picha ambayo kaskazini yake iko chini atahesabiwa kuwa amelitukana taifa la Italia.

Amri ilikuwa na sababu nzuri. Wiki iliyotangulia, Jenerali alikuja kukagua kikosi cha upelelezi wa anga kilichokuwa kimejibanza kwenye ghala la tumbaku huko Albania, majira yale ya baridi ambapo Waitalia walipigana na Wagriki milimani na kupigana na matope kila mahali. Kazi ya kikosi ilikuwa kumpiga adui picha. Rubani anakaa mbele, mpiga picha nyuma, wanaruka, wanarudi, na picha zinapelekwa kwa Sajini Ademaro Bisogni azisome.

Bisogni aliacha shule akiwa na miaka kumi, akaenda kuchonga mawe kwenye machimbo ya Carrara. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini ukimwonyesha kijidoa cheusi kwenye picha, alikuambia kama ni mzinga, ng'ombe, au choo cha askari, na kama ni choo, alikuambia kina foleni au hakina.

Jenerali alimkuta amezipanga picha zote kichwa chini.

"Hii ni nini?" aliuliza Jenerali.

"Picha, mheshimiwa."

"Naona ni picha. Mbona kaskazini iko miguuni kwangu?"

"Ni vivuli, mheshimiwa."

"Roma iko kaskazini, Sajini. Unataka niikanyage Roma?"

Roma ilikuwa magharibi, lakini hakuna aliyeulizwa.

Sasa, picha ya angani ina hila zake. Jua la nchi zile hukaa kusini, kwa hiyo vivuli huangukia kaskazini. Ukiiweka picha vivuli vikielekea kwako, mlima ni mlima na shimo ni shimo. Ukiigeuza vivuli vikaelekea mbali nawe, macho yanakucheza shere: mlima unabonyea unakuwa bonde, na shimo linavimba linakuwa kilima. Kila msomaji wa picha anajua hivyo, ndiyo maana huzitazama kusini ikiwa juu. Kipo kifaa chenye lenzi mbili kinachomaliza ubishi huo kabisa. Cha kikosi kilipelekwa makao makuu kutengenezwa mwezi wa Oktoba, na mke wa Jenerali alikuwa angali anakijaribu kwa picha za Venisi.

Bisogni aliitii amri. Aliiacha picha kaskazini juu, halafu yeye mwenyewe akahamia ng'ambo ya pili ya meza. Meja Tarquinio Brunacci, aliyeteuliwa siku hiyohiyo kuwa Afisa wa Mwelekeo wa Picha, aliamuru meza isukumwe hadi ukutani. Ng'ambo ya pili ikawa matofali. Bisogni akageuka, akainama, akaitazama picha kupitia katikati ya miguu yake.

"Sajini," alisema Meja.

"Naam, afande."

"Unajua makalio yako yanamtazama nani?"

Bisogni aliinua kichwa. Ukutani, juu ya meza, ilitundikwa picha ya mfalme.

Meja aliandika nyongeza ya waraka kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo vita ikaendelea huku kaskazini ikiwa juu, na haikuchukua siku mbili Jenerali akafanya ugunduzi mkubwa. Kwenye picha moja iliyopigwa siku ya jua, kutoka juu sana, aliona bonde refu, jembamba, lililonyooka hadi nyuma ya mistari ya Wagriki. Alilipa jina la Bonde la Ushindi. Mizinga ya adui ilikuwa inapotelea upande ule, kwa hiyo ni dhahiri ilifichwa humo. Jenerali aliagiza ndege ipite ndani ya bonde, chini ya mawingu, mita mia tatu na si zaidi, ipige picha.

Bisogni aliandika taarifa ya mstari mmoja: Hilo si bonde, ni mlima, una mita mia tisa. Taarifa ilirudishwa kwa sababu haikutaja upande ambao kaskazini ilikuwa wakati inaandikwa.

Ndege ya kwanza iliingia Bonde la Ushindi Jumanne, ya pili Ijumaa. Kikosi hakikupata hasara yoyote. Hasara zilikuwa zimefutwa na Waraka Namba 38. Ndege isiyorudi iliitwa ndege iliyochelewa, na waliokuwamo waliitwa wachelewaji. Kitabu kilikuwa na safu yao ya pekee. Mama mmoja wa Vercelli, mzazi wa rubani Elvio Santacroce, aliandika barua kuuliza: mwanangu amechelewa wiki tatu sasa, je, niendelee kumwekea soksi karibu na jiko? Meja alimjibu kwamba jambo hilo liko chini ya mamlaka ya familia.

Ilibaki ndege moja yenye uwezo wa kuruka, na mkanda mmoja wa filamu. Rubani wake alikuwa Nevio Falaschi, na Nevio alikuwa amemwoa Ilde, dada yake Bisogni, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Amri ilifika Jumatatu: Falaschi ataingia Bonde la Ushindi Alhamisi, saa nne asubuhi.

Walikaa wawili nyuma ya ghala wakinywa kahawa ya shayiri.

"Shemeji," alisema Bisogni, "ule ni mlima."

"Najua ni mlima."

"Basi pita juu."

"Nikipita juu picha zitaonyesha nilikuwa juu. Kisha naenda mahakama ya kijeshi kwa woga, napigwa risasi mgongoni. Ilde ataambiwa nini?"

"Ataambiwa umechelewa."

Nevio alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Halafu akafuta pua kwa mkono wa koti. "Usicheze, Ademaro. Wewe una macho. Nitoe humo."

Bisogni alikwenda kwa Meja na picha mkononi, kaskazini ikiwa juu, mkao wa heshima kamili.

"Afande, naomba kuigeuza picha hii. Mara moja tu. Nusu dakika."

"Kwa madhumuni gani?"

"Kuona."

"Kuona kumeshafanyika, Sajini. Jenerali ameona." Meja alimegua kipande cha jibini, akakitafuna taratibu. "Unadhani wewe ni nani? Msomi?"

"Mchonga mawe, afande."

"Basi tuachie sisi mambo ya milima."

"Mlima si mawe, afande?"

Meja alimtazama muda mrefu. Alikuwa karibu kuelewa, ikamtisha, akaacha. "Badala ya kunisumbua," alisema, "thibitisha hiki." Akamsogezea picha nyingine.

Ilikuwa imezungushiwa duara jekundu kwa mkono wa Jenerali mwenyewe. Makao makuu yalikuwa yanahamia mbele, na Jenerali alikuwa amechagua mahali: kilima cha mviringo, kizuri kama keki, chenye barabara inayokizunguka ngazi kwa ngazi hadi kileleni. Kiliitwa Kilima cha Ottobelli. Jenerali alitaka kukaa juu, aone vita na vita imwone.

Bisogni aliitazama. Alikuwa ametumia miaka kumi na nane ya maisha yake ndani ya kilima kama hicho.

"Afande, hili ni chimbo la mawe. Ni shimo. Barabara hii haipandi, inashuka. Na mvua inakuja."

"Kaskazini iko wapi hapo?"

"Juu."

"Na kilima kiko wapi?"

"Kwa waraka, kiko juu."

"Basi thibitisha."

Bisogni alichukua kalamu. Aliandika: Kwa mujibu wa Waraka Namba 41, hiki ni kilima. Akatia sahihi. Chini yake akaandika kwa mwandiko mdogo: Bila waraka, ni shimo. Meja aliipigia mhuri sehemu ya chini, kwa sababu ndiko mihuri inakokaa.

Ni hapo Bisogni alipopata wazo, akalisema palepale kabla halijapoa.

"Afande, siku ya Jenerali kukaa kileleni, nani atampiga picha kutoka angani?"

Meja aliacha kutafuna.

"Picha ya ukutani," aliendelea Bisogni. "Jenerali juu ya Kilima cha Ottobelli, maafisa wamemzunguka. Ila ndege ni moja na filamu ni moja. Alhamisi inakwenda bondeni."

"Bonde halikimbii," alisema Meja, na tayari alikuwa anatafuta karatasi.

Jumatano mchana msafara wa Jenerali uliondoka kwenda kileleni kwenye ukungu mzito: magari sita, mafundi wa simu wakitandaza waya nyuma yao, mpishi, kitanda cha shaba, na kasha la mvinyo. Dereva wa mbele alisema baadaye kwamba aliona barabara inateremka, tena inateremka sana. Alimweleza afisa aliyekaa naye. Afisa alimjibu kwamba milima ya Albania ndivyo ilivyo, inaanza kwa kushuka. Walizunguka mara nne, wakafika kileleni. Kileleni palikuwa na giza na vyura. Jenerali alishuka garini, akatazama kuta za mawe pande zote, akasema mandhari yatafunguka ukungu ukiondoka.

Ukungu haukuondoka. Ikaja mvua.

Alhamisi saa nne mawingu yalipasuka kidogo, jua likachungulia, na Nevio akaruka. Mpiga picha wake alipiga picha kumi na mbili, wakarudi, na Nevio akaegesha ndege akiwa anapiga mluzi. Filamu ilipooshwa, Bisogni na Meja waliinamia meza pamoja, kaskazini ikiwa juu. Walikiona Kilima cha Ottobelli. Kilimeremeta. Juu yake palikuwa na mapaa ya magari sita, na juu ya mapaa palikuwa na watu wengi wakipunga mikono.

"Wanashangilia," alisema Meja.

"Mmoja ameshika nini kile?"

Meja alivaa miwani. "Kitanda."

Simu ikalia. Bisogni aliipokea.

"Hapa Jenerali Ottobelli. Leteni kamba na pampu. Maji yamefika kiunoni."

"Kiuno cha nani, mheshimiwa?"

"Changu, mpumbavu wewe."

Bisogni alifunika simu kwa kiganja, akampa Meja habari. Meja alipauka, lakini alikuwa mtu wa taratibu hata akipauka. Kamba na pampu zilikuwa za wahandisi. Wahandisi hawakutoa kamba hadi waone cheti cha Afisa wa Mwelekeo wa Picha kwamba mahali husika ni shimo. Na mahali husika, kwa waraka uliokuwa unatumika, palikuwa mlima.

"Siwezi kupeleka pampu mlimani," alisema Meja kwa uchungu wa kweli. "Nitafungwa. Aliyeandika ni yeye."

"Mheshimiwa," Bisogni alisema kwenye simu, "picha iko hapa mbele yetu. Uko kileleni."

"Niko shimoni."

"Kaskazini iko juu, mheshimiwa."

"Igeuze."

"Waraka Namba 41 unakataza."

Sauti ya maji ilisikika kwenye waya, na nyuma yake mpishi akimlilia Mtakatifu Antoni amtafutie viatu.

"Naufuta," alisema Jenerali. "Andika. Waraka Namba 41 umefutwa."

Bisogni aliandika, Meja akapiga mhuri. Meja alinyoosha mkono achukue karatasi akimbie nayo kwa wahandisi. Bisogni hakuiachia.

"Kuna mwingine, mheshimiwa. Namba 38."

"Upi huo?"

"Wa wachelewaji."

"Huo unahusianaje na pampu?"

"Jina lako litaingia kitabuni leo jioni, mheshimiwa. Namba 38 ukibaki, naandika umechelewa. Mtu aliyechelewa hatafutwi, anangojewa. Wewe ndiye uliyeandika."

Waya ulitoa mlio wa maji kwa muda. Jenerali Ottobelli alikuwa amefikiri mambo mengi katika vita ile, lakini hakuwahi kufikiri kwa kasi hiyo.

"Umefutwa," alisema. "Zote zimefutwa. Futa chochote unachokiona hapo."

"Na wanaume wanne walioingia Bonde la Ushindi?"

"Waandike walivyo."

"Wamekufa, mheshimiwa."

"Andika wamekufa."

"Na bonde?"

"Bonde gani? Hakuna bonde. Yamefika kifuani."

Bisogni aliandika majina manne kwa mwandiko wake mkubwa wa mtu aliyeacha shule mapema, Elvio Santacroce akiwa wa kwanza, na ikamchukua muda, kwa sababu hakutaka kukosea hata herufi moja. Meja alisimama karibu yake akihema. Nevio aliegemea mlango, kofia ya ngozi mkononi, haoni tena sababu ya kupiga mluzi. Kisha mihuri miwili iliyobaki ikapigwa, na Meja akatoka mbio kwenda kwa wahandisi akiwa ameshika karatasi zake juu ya kichwa zisilowe.

"Bado upo?" ilisema sauti kwenye simu.

"Nipo, mheshimiwa. Pampu iko njiani."

"Sasa unaniona?"

Bisogni aliishika picha kwa pembe mbili, akaizungusha polepole mezani. Barabara iligeuka, ngazi za mawe zikageuka, na kilima kizima kikazama na magari yake yote.

"Sasa nakuona, mheshimiwa," alisema. "Uko chini kabisa."