Bangili Kwenye Pedeli ya Shemeji

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Hapana, inavulika! Nimemjibu hivyo mke wangu alipouliza kama nitalala na hiyo bangili nyekundu. Wabebaji wote wa ghala tumevishwa leo. Ukitulia dakika tatu, inatetemeka. Ukizidi kutulia, jina lako linawaka kwenye kompyuta ya msimamizi. Ukiwaka mara tatu, kazi huna. Mimi nimewaka mara mbili kabla ya chai! Msimamizi anasema huu ndio uhuru, hatasimama tena nyuma yetu. Nikamuuliza basi yeye atafanya nini. Hakucheka.

Jumanne, tarehe 5
Kichwa changu mali! Shemeji, dada wa mke wangu, anashona sare za shule kwenye kibaraza mkabala na geti letu. Cherehani ya kukanyaga, pedeli haitulii. Nikafunga bangili kwenye pedeli, nikarudi ghalani, nikajilaza nyuma ya maboksi ya sabuni. Usingizi wa mtu asiye na bosi! Shemeji kauliza yeye atapata nini. Nikamwambia shukrani. Kasema shukrani haziingii kwenye sufuria.

Jumatano, tarehe 6
Balaa. Shemeji kasimama kumpima mteja kiuno. Dakika ya kwanza. Ya pili! Nikatoka mbio mpaka getini, nampungia mikono akanyage, akanyage! Mteja kadhani nafukuza nyuki. Saa nne Shemeji kataka kwenda msalani. Nikamsihi avumilie. Saa saba kataka kula. Nikamwambia ale huku anakanyaga. Kaniuliza kwani hapa nani kaajiriwa. Nikamweleza kwa upole kwamba ili mmoja awe huru, mwingine lazima akanyage. Kasema sawa, basi tupeane zamu. Nikamuuliza habari za watoto.
Sijalala hata lepe. Kutwa nzima nimemchungulia kwenye tundu la ukuta. Nimechoka kuliko siku za kubeba!

Alhamisi, tarehe 7
Mfanyakazi bora! Picha yangu iko ukutani. Bangili imenihesabia hatua elfu arobaini na moja! Nikapiga saluti. Kisha msimamizi akatangaza: kuanzia kesho, kipimo cha kila mtu ni hicho changu. Mzee wa mizani, mwenye goti bovu, akanitazama kama nimemwaga maji yake ya kunywa. Jioni viatu vyangu sikuviona. Nimerudi peku.

Ijumaa, tarehe 8
Shemeji kagoma! Kaja na bangili mpaka ndani, kamkabidhi msimamizi mbele ya wote. Kasema mfanyakazi bora ni yeye, picha ibadilishwe. Makofi! Mzee wa mizani alicheka mpaka akakaa chini. Dakika tatu zikapita, bangili yake ikatetemeka. Akaendelea kukaa.
Nikajua leo nimekwisha. Wapi! Msimamizi kasema anayejua kuidanganya bangili ndiye wa kuwakamata wenzake. Nimepandishwa cheo! Nakaa kitini, natazama kompyuta.

Jumamosi, tarehe 9
Kumbe nami nina bangili, ya bluu. Nikiondoa macho kwenye kioo cha kompyuta dakika moja, inatetemeka. Nimewaka mara mbili.
Lakini dawa ninayo. Wewe unayesoma daftari la mtu bila kupiga hodi, naona macho yako hayachoki. Tufanye hivi: uvae bangili yangu saa mbili mpaka saa kumi, utazame kioo tu. Wewe upate kiti laini, mimi nipate uhuru wangu. Tumeelewana? Lete mkono.