Antena ya Mama Mkwe

Jumatano, 30 Novemba 2022
Keshokutwa wanazima matangazo ya zamani ya televisheni, yale ya analojia, hapa Semarang. Maafa! Tangu nimuoe Wening nakaa kwa mama yake, na kazi yangu inayoheshimika humo ni moja: kugeuza mwanzi wa antena. Mimi nje nimeukumbatia, nauliza, "Tayari?" Mama mkwe ndani, "Bado!" Hivyo hivyo hadi chenga zile kama sisimizi zitoke kwenye picha na tamthilia yake ionekane. Kwa fadhila hiyo nimepewa kibaraza cha mbele, nauza kahawa na tofu, jibini la soya, ya kukaanga. Shemeji Gunadi, kaka yake Wening, anakimezea mate. Anataka kutundika vizimba vya ndege wake. Mama kasema ataamua Jumapili, tamthilia ikiisha.

Alhamisi, 1 Desemba
Gunadi kaleta king'amuzi. Eti ukishakichomeka, hakuna cha kugeuzwa. Alinitazama mimi alipotamka "cha". Nikamweleza Mama, kwa sauti ya daktari bingwa, kwamba dijitali ndiyo hasa inayotaka kugeuzwa, tena na mzoefu. Gunadi akacheka mpaka ndege wakanyamaza. Akaniambia, labda nikajigeuze mwenyewe juani, upande wa pili ukauke.

Jumamosi, 3 Desemba
Picha safi! Hata makunyanzi yanaonekana. Mama kashangaa: kumbe huyu binti wa tamthilia ni bibi mzima! Nilisimama nje na mwanzi wangu. Nikauliza, "Tayari?" Nikauliza tena. Wening akatokea dirishani, akaniomba nisimuaibishe mbele ya majirani.
Sikulala. Lakini nimepata dawa: kesho nitalegeza kiungo cha waya pale mwanzini. Picha ikianza kuchafuka, nitatoka, nitageuza, nitakaza kwa siri. Shujaa!

Jumapili, 4 Desemba
Sebule ilijaa majirani. Nilishalegeza waya. Mvua ikaanza, upepo juu yake. Kwenye kioo, mama mtu kamshika binti mikono, machozi tele: "Mwanangu, baba yako halisi ni..."
Buluu! Kioo kizima! Kumbe dijitali haichafuki kidogo kidogo. Ipo au haipo!
Nilikimbia. Vidole vinateleza. Nikavuta waya, ukakatika, ncha ikabaki mkononi. Basi nikageuza tu mwanzi. "Tayari?" Nyumba nzima, "Bado!" "Sasa je?" "Bado, mwehu wewe!" Gunadi akaja na koleo. Akaitazama ngumi yangu. Akaniomba, kwa adabu mbaya sana, nifungue. Nikafungua.
Aliunga waya. Picha ikarudi. Tangazo la sabuni. Tamthilia imekwisha, na mtaa mzima haujui baba ni nani. Mama alizima televisheni, akaenda kulala. Afadhali angenirushia kandambili.

Jumatatu, 5 Desemba
Kibaraza wamepewa ndege wa Gunadi. Mimi na karai langu tumehamishiwa nyuma, kisimani, wanakopita kuku tu. Wening kaniomba, kwa jina la amani, nisiguse kitu chochote tena.
Kisimani pazuri, lakini. Mtu unapata kuwaza. Nimegundua nyumba hii yote inategemea pampu ya maji ya kisima hiki, na hakuna anayeielewa. Nimetoa skrubu moja tu, ndogo, ili watambue thamani yangu. Mama yuko bafuni, amejipaka sabuni mpaka nyusi, anaita maji. Sasa hivi atanihitaji.
Skrubu nilikuwa nimeishika kwa mkono huu huu, nikiinamia kisima. Chubwi!